Mdhamini wa Mkomamanga

Tumepokea kutoka kwa walimu wetu, nao kwa walimu wao, kwamba katika mabonde ya milima ya Yemen, zama za waja wema waliotangulia, aliishi mtu aitwaye Mundhir bin Salih, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wapokezi wanatofautiana kuhusu jina la mji wake. Kuhusu kazi yake wanakubaliana: alikuwa shahidi katika baraza la kadhi.

Kazi hiyo leo haipo kwa namna ile, basi inafaa ielezwe. Kadhi wa zama zile hakupokea ushahidi wa kila aliyeingia mlangoni. Alikuwa na watu wachache waliochunguzwa mienendo yao wakajulikana kwa ukweli. Hao ndio waliohudhuria mauzo, ndoa na wasia, ili siku ya mzozo waseme walichokiona. Mmoja wao akithibitika kusema uongo, hata katika jambo dogo, aliondolewa barazani na hakurudishwa. Mundhir aliishi kwa ulimi wake kama mhunzi aishivyo kwa mkono wake.

Jirani yake alikuwa Bi Lubaba, mjane wa Ghalib mfua shaba. Nyuma ya nyumba ya Bi Lubaba palikuwa na uwanja, na katika uwanja palikuwa na mkomamanga. Marehemu Ghalib aliupanda kwa nia maalumu: matunda yake yasiuzwe, yawe ya wagonjwa. Watu wa mji ule, mgonjwa wa homa akikataa chakula, walimpa maji ya komamanga. Kwa hiyo mwenye mgonjwa alichukua bakuli, akabisha hodi kwa Ghalib, akarudi na makomamanga. Ghalib alipofariki, mjane wake aliendelea kutoa. Watu wakasema: Ghalib amezikwa, lakini mkono wake wa kulia haujazikwa.

Kisha mti ukaharibika, na kilichouharibu ni heshima. Kwa kuwa ulikuwa mti wa sadaka, hakuna aliyethubutu kuutia mundu. Bi Lubaba mwenyewe aliona kwamba kukata tawi ni kumkatia mumewe thawabu. Jirani akiona tawi limeingia kwake, alilipinda kwa adabu na kulirudisha ukutani. Miaka ikapita hivyo. Machipukizi yakaota shinani, yakawa mashina. Mashina nayo yakatoa machipukizi. Miiba ikafunga njia. Jua halikuingia tena ndani ya matawi. Makomamanga yakawa madogo, kisha yakawa yanapasuka na kuoza kabla ya kuiva, kisha hayakuonekana. Kuku wakaenda kutaga humo, na nyoka akaenda kula mayai yao.

Mti ulikoma kuzaa, lakini hodi hazikukoma.

Sasa, watu wa mabonde yale walikuwa na desturi. Mwishoni mwa baridi, kabla ya majani kuchipua, mwenye mti usiozaa alisimama mbele yake na shoka, akasema: "Nitaukata." Jirani humshika mkono, akasema: "Usiukate, msimu ujao utazaa." Mwenye mti huuliza: "Mdhamini wake nani?" Jirani hujibu: "Mimi." Shoka huwekwa chini, watu wakacheka, wakala tende. Hakuna aliyeamini kwamba mti unasikia. Baadhi ya wanazuoni waliikemea desturi hiyo, wengine waliiacha kama michezo ya watoto inavyoachwa.

Siku moja ya mwisho wa baridi, Mundhir alikuwa akipita kutoka msikitini, akasikia sauti ya Bi Lubaba kutoka uwanjani.

"Bwana Mundhir! Ingia unidhaminie mti."

Akaingia. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, na miongoni mwao alikuwa Shabib, muuza siki, mtu ambaye hakukosa penye kicheko. Mundhir akatazama. Aliona shoka limenolewa upya. Aliona mlangoni mwokaji mikate amesimama na punda wake na kamba za kufungia kuni. Akafahamu.

"Mama," akasema, "unacheza au unakata?"

"Nakata. Lakini wenzangu wamenishika hawaniachi: desturi, desturi. Basi njoo useme lako, nami niseme langu, mwokaji apate kuni zake."

"Kwa nini leo?"

Bi Lubaba akauegemea mpini wa shoka. "Jana amekuja binti wa msusi wa mikeka. Mwanawe ana homa. Kasimama hapo na bakuli, nikamwambia, mwanangu, hakuna. Akaniambia, haidhuru, mama. Haidhuru! Bakuli limekuja tupu limerudi tupu, na mimi ndiye niliyefarijiwa. Ghalib aliupanda mti huu watu wapewe. Leo unawaita waje waaibike, niaibike nami pamoja nao. Afadhali waone kisiki, wajue, wasibishe."

Hakuna aliyecheka. Kisha Bi Lubaba akainua shoka na kusema maneno ya desturi: "Nitaukata."

Mundhir akamshika mkono. "Usiukate. Msimu ujao utazaa."

"Mdhamini wake nani?"

"Mimi."

Hapo ndipo desturi ilipokuwa ikiishia. Bi Lubaba hakuishia hapo. Alimwonyesha kwa kidole tenga kuukuu lililoinamishwa ukutani. "Mti utalijaza lile?"

"Utalijaza."

Shoka likawekwa chini. Shabib akapiga makofi. "Shahidi wa kadhi kaudhamini! Enyi watu, mti umepata wakili, kilichobaki uoe!" Kicheko kikarudi, tende zikaliwa, na mwokaji akaondoka na punda mtupu huku akinung'unika kwamba dhamana haiwashi tanuri.

Wasimulizi wanasema kwamba katika mji mzima, msimu ule, wengi waliutimiza mchezo huo, lakini wawili tu waliusema bila kucheza: mwenye shoka na mdhamini.

Mundhir aliyatambua aliyoyasema wakati wa kutawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Alisita, maji yakimwagika mkononi. Alikuwa ametoa habari ya jambo la kesho asilolijua, na hakusema inshallah. Tena alijifunga kwalo mbele ya watu, yeye ambaye watu hufungwa na kufunguliwa kwa neno lake.

Akaenda kwa kadhi, akamweleza yote.

Kadhi akamsikiliza hadi mwisho. "Dhamana," akasema, "huwa juu ya deni, na deni huwa juu ya mwenye dhima. Mti hauna dhima, na tunda ambalo halijaumbwa si deni. Dhamana yako ni batili. Leta istighfari kwa kuacha kusema inshallah, kisha nenda nyumbani ukale."

"Nimesikia, bwana kadhi. Lakini mama yule aliweka shoka chini kwa neno langu. Hakuliweka chini kwa mzaha."

"Sheria haikudai kitu, Mundhir."

"Sheria imeniachilia," akasema Mundhir. "Ulimi wangu ndio bado umenishika."

Akaaga, akaondoka.

Nyumbani, mkewe, Bi Afra, alikuwa amekwisha kupata habari. Habari zilimpitia Shabib, kwa hiyo zilifika zikiwa zimeongezwa chumvi.

"Wenzio hudhamini wafanyabiashara," akasema. "Wewe umeudhamini mti."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi tuseme alhamdulillahi. Mdaiwa wako walau hawezi kutoroka usiku." Kisha akaacha mzaha. "Na sasa utafanya nini? Hujui kupanda hata mnanaa."

"Nitauliza anayejua."

Akamwendea mtunza bustani mmoja nje ya mji, mzee aitwaye Dahman, akaja naye uwanjani. Dahman akauzunguka mkomamanga kadiri miiba ilivyomruhusu, akakwaruza gome kwa ukucha, akachutama kuangalia shina.

"Huu haujafa," akasema. "Umejisonga. Kila tawi limemnyima mwenziwe. Una njia mbili, sheikh. Ya kwanza, usiuguse sana. Utie samadi, umwagie maji mengi, ondoa uchafu wa juu. Huenda kwa nguvu yake ya mwisho ukakutolea tenga moja msimu huu. Kisha utakufa, kwa sababu utakuwa umetumia akiba yake. Ya pili, uupogoe. Simaanishi kukata vijiti. Uondoe mashina yote haya ya pembeni, ubakize machache, jua liingie hadi chini. Ukifanya hivyo utapona, na wajukuu wa hawa wagonjwa watakula. Lakini msimu huu usitazamie kitu. Mti uliopogolewa namna hiyo hutibu majeraha yake kwanza. Hauzai."

Mzee Dahman hakujua kuhusu dhamana, kwa hiyo hakujua alilokuwa amemwekea mbele yake. Njia ya kwanza ilikuwa na matumaini ya kulitimiza neno lake, na ingeua mti. Njia ya pili ilikuwa na uhai wa mti, na ingelivunja neno lake kwa hakika, mbele ya mji mzima, kwa mkono wake mwenyewe.

Akabisha kwa Bi Lubaba, akamweleza njia zote mbili. Hakuficha kitu.

"Na dhamana yako?" akauliza Bi Lubaba.

"Niliudhamini ili usikatwe, mama. Nikiua mti ili kuokoa dhamana, nitakuwa nimefanya kazi ya shoka lako kwa njia ndefu."

"Ghalib hakuwahi kuukata hata tawi."

"Ghalib aliuacha ukiwa kijana. Naomba idhini yako. Bila idhini siugusi."

Bi Lubaba akautazama mti. "Mimi ndiye niliyeukuza uwe hivi," akasema. "Niliogopa kumpunguzia mume wangu thawabu, nikampunguzia yote. Haya, kata, mwanangu. Nitaingia ndani. Sitaki kusikia msumeno."

Mundhir akapogoa, Dahman akimwelekeza siku ya kwanza, kisha akiwa peke yake. Alikuwa mtu wa kuketi kwenye mikeka ya baraza, na mikono yake haikuzoea. Aliingia barazani ana mikwaruzo ya miiba hadi viwikoni. Alipomaliza, mahali palipokuwa na kichaka pakabaki mashina machache meupe ya majeraha. Waliopita wakachungulia ukutani na kusema: Shahidi ameua mti wa sadaka. Mundhir akasikia, akaenda kuteka maji. Akachimba kuzunguka shina, akatia samadi, na kila jioni baada ya baraza akarudi na viriba vyake.

Majani yakaja. Maua yakaja machache, yakaanguka. Tunda halikuja, kama alivyoambiwa.

Msimu wa makomamanga ulipokaribia, Shabib akamfuata njiani, na safari hii hakuwa akicheka.

"Bwana Mundhir, mimi nilikutania, lakini sikulitakia jina lako ubaya. Watu wanahesabu. Wanasema, tuone shahidi atalijazaje tenga. Sikiliza. Macho ya Bi Lubaba yamefifia, hili unalijua. Tununue makomamanga sokoni, tuyafunge kwenye matawi kwa uzi. Nitafunga mimi, wewe usiguse. Mama atapapasa, ataona mti wa mumewe umezaa, atafurahi. Tenga litajaa. Nani atakuwa amedhulumiwa?"

"Fikra yako imetoka kwenye huruma, Shabib, Mungu akulipe," akasema Mundhir. "Lakini wewe unanitaka niufunze mti ushahidi wa uongo, na uanze kwa mjane asiyeona vizuri."

"Atafurahi!"

"Atafurahi kwa kitu ambacho hakipo. Kisha msimu ufuatao atangoja nini?"

Shabib akarudi kwenye siki yake bila mzaha, jambo ambalo wasimulizi wanalitaja kwa kuwa lilikuwa nadra.

Mundhir akaomba ruhusa barazani, akaenda kwenye mashamba ya nje ya mji, mahali walipohitajika vibarua wa kuchuma. Ujira wa huko ulikuwa matunda. Alichuma na kubeba matenga kichwani kutoka miteremkoni hadi njiani, pamoja na vijana waliokuwa hawajazaliwa alipoanza kutoa ushahidi. Mmoja wao akamwambia, "Baba, wewe si ndiye uliyeshuhudia ndoa ya mama yangu?" Akajibu, "Ndimi. Na mama yako alitabasamu. Shika upande huo."

Habari ikamfikia kadhi kwa njia ya mtu aliyewahi kushindwa kesi kwa ushahidi wa Mundhir. Mtu huyo akasema kwamba shahidi anayebeba matenga kwa ujira amepoteza muruwa, yaani ile heshima ya mwenendo inayotakiwa kwa shahidi, na aondolewe barazani. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Vitabu vya fiqhi vinaizungumzia. Kadhi akauliza: "Anabeba kwa ajili gani?" Akaambiwa. Akasema: "Nilimwambia kwamba hadaiwi kitu, naye analipa. Mtu anayelipa asichodaiwa, wewe unaogopa atasema uongo kuhusu unachodaiwa wewe?" Na shauri likafungwa.

Msimu ulipokwisha, Mundhir akaja kwa Bi Lubaba na makomamanga yake. Akalichukua lile tenga kuukuu ukutani, akalijaza, likawa limefurika. Majirani walikuwepo, kwa kuwa hawangekosa siku hiyo.

Bi Lubaba akatoka. Akainama, akapapasa matunda kwa mkono, akainua moja na kulipima uzito. Watu wakamwona uso wake umebadilika.

"Umezaa?" akauliza.

Mtu yeyote angeweza kunyamaza hapo, na kunyamaza kungetosha.

"Haukuzaa, mama," akasema Mundhir. "Hata moja. Haya ni ujira wangu kutoka mashambani. Mti ulikuwa na dhamana yangu, umeshindwa, nami ninalipa. Na nilikosea siku ile. Nilisema utazaa kama kwamba mimi ndiye niuzalishaye. Nisamehe."

Bi Lubaba akalirudisha komamanga tengani. Kisha akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa majirani kumsikia akicheka tangu Ghalib afariki.

"Sheria yenu mimi nimeisikiliza ukutani miaka mingi," akasema. "Mdhamini akilipa, deni linaishia wapi? Si linahamia? Aliyedaiwa nami sasa anadaiwa na mdhamini. Kweli au si kweli?"

"Ni kweli kwa wanadamu, mama. Kadhi amesema mti hauna dhima."

"Kadhi hakuwepo. Wewe uliudhamini, mimi niliikubali dhamana, na tenga ninaliona hili limejaa. Basi mkomamanga huu una deni lako. Na mtu hana ruhusa ya kumwua mdaiwa wa jirani yake." Akageuka kumtafuta mwokaji katika umati. "Wewe wa tanuri! Tafuta kuni kwingine. Mti huu haukatwi hadi umlipe mtu huyu, na mimi ndiye nitakayeulinda."

Kisha akachukua tenga, akamtuma mtu kwa binti wa msusi wa mikeka aje na bakuli. Mwanawe alikuwa amekwisha kupona homa ile. Bi Lubaba akasema aje hivyo hivyo, bakuli lile lina haki yake tangu baridi.

Mti ulizaa msimu wa pili, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Makomamanga yalikuwa makubwa, yakayapinda matawi mapya. Asubuhi moja Bi Afra alifungua mlango, akakuta tenga kuukuu kizingitini, limejaa. Akamwita mumewe: "Njoo. Mdaiwa wako amekuja mwenyewe, kwa miguu ya mama."

Mundhir akachukua komamanga moja, akalipasua, akampa mkewe nusu, akala nusu, ili isemwe kwamba deni la mti limelipwa. Yaliyobaki akayabeba hadi kwa Bi Lubaba. Akamwambia, "Nimelipwa. Haya ni ya wenye mabakuli." Akaongeza kwamba kuanzia siku ile ataupogoa mti kila mwisho wa baridi, maadamu yu hai, na akasema inshallah kwa sauti ya kusikika hadi mtaani.

Inasemwa kwamba watu wa mji ule hawakuiacha desturi yao, lakini waliibadilisha. Mwenye shoka alipouliza, "Mdhamini wake nani?", jirani hakujibu tena "Mimi" na kunyamaza. Alijibu maneno waliyoyachukua kwa Mundhir: "Maji na samadi ni juu yangu. Tunda muulize Mwenye kuliumba." Kisha shoka liliwekwa chini, na huyo jirani akatakiwa kuleta maji kweli.

Ndugu zangu, katika kisa hiki kuna heshima mbili. Moja ni ile iliyoogopa kuugusa mti wa sadaka hata ukajisonga. Nyingine ni ile iliyoushika msumeno, ikalivunja neno lake hadharani, na ikalipa. Tunda halimo katika mikono yetu. Lililomo ni maji, mundu na kusema kweli. Mola atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza walichoahidi, na pale tunaposhindwa, atujaalie ujasiri wa kusema: haukuzaa. Amin.